Jeli ya matabaka inayoteleza, kuchanganyika na kuyeyuka kabla wageni hawajaionja

*"Shikamoo Mwalimu. Naishi Pasua, Moshi mjini. Kila tarehe 26 Desemba ukoo wetu hukutana kwa babu, Kibosho, na mwaka jana niliomba mimi ndiye nilete kitamutamu cha baada ya chakula. Nilitengeneza jeli ya matabaka 5: jekundu, jeupe la maziwa, kijani, jeupe tena, na juu la njano lenye nanasi bichi. Pakiti nyekundu nilinunua duka moja, ya kijani duka jingine. Nilianza tarehe 24 jioni, umeme ukakatika, nikamalizia tarehe 25 usiku. Jekundu na kijani yaliganda vizuri. Maziwa ya kwanza yakazama kwenye jekundu, likawa pinki. La nanasi lilibaki maji mpaka asubuhi hata nilipoongeza pakiti ya pili, nikaishia kulimwaga. Nilipokata, vipande viliteleza, kila rangi ikashika njia yake. Na tulipoiweka mezani uani, saa saba mchana, nusu saa haikupita ikawa juisi. Shangazi anasema friji yangu mbovu. Jirani anasema nizidishe gelatini mara mbili, mwenzake anasema sikuchemsha vya kutosha. Mwaka huu tutakuwa watu 40, wakiwemo wakwe zangu ambao ni Waislamu na wifi yangu Msabato. Babu naye ana kisukari na anapenda vitamu. Nifanyeje?"*

Marahaba, binti. Ulichoeleza si tatizo moja, ni manne, na ndiyo maana kila aliyekushauri amegusa upande mmoja akaacha mingine. Maziwa kuzama kwenye jekundu ni suala la joto la kumimina. Nanasi kukataa kuganda ni suala la nanasi lenyewe. Vipande kuteleza kunatokana na muda uliopita kati ya tabaka na tabaka, na nina wasiwasi pia na zile pakiti za maduka mawili. Kuyeyuka mezani ni tabia ya gelatini tu. Hata ingetengenezwa na mpishi wa hoteli kubwa, juani Desemba ingeyeyuka. Dawa moja ya yote manne haipo.

Kwanza tuiondolee friji lawama. Umesema jekundu na kijani yaliganda vizuri, na yaliganda ndani ya friji ileile iliyoshindwa kugandisha nanasi. Friji haichagui rangi. Kama bado una shaka, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, iache friji usiku kucha, asubuhi usome: ikiwa kati ya nyuzi 2 na 5 za Selsiasi, iko sawa. Ikizidi 8 hivi wakati umeme upo na mlango haufunguliwi ovyo, hapo shangazi atakuwa na hoja, na umwite fundi kabla ya sikukuu, maana friji hiyo itaharibu na nyama pia.

Sasa tuingie ndani ya jeli yenyewe. Gelatini ni protini inayopatikana kwenye kolajeni, ile iliyomo katika ngozi, mifupa na kano za mnyama. Umeshaiona ikifanya kazi bila kununua pakiti: supu ya makongoro ikilala kwenye sufuria, asubuhi inatikisika. Hakuna aliyeigandisha kwa makusudi. Kano za miguu ya ng'ombe zimechemka muda mrefu, kolajeni ikageuka gelatini, na baridi ya usiku ikamalizia. Kwenye maji ya moto nyuzi za protini hiyo huelea kila moja kivyake. Maji yakipoa zinajisokota, zinashikana hapa na pale, mpaka zinafanya mtandao unaoyakamata maji yote katikati. Lakini kushikana kwake ni kwa nguvu ndogo. Ikifika nyuzi 25 hivi jeli inaanza kulegea, na kati ya 30 na 35 inarudi kuwa maji. Hiyo ndiyo sababu gelatini inayeyuka vizuri mdomoni, kwa kuwa mwili wetu uko nyuzi 37. Na ndiyo sababu haikuwa na nafasi ya kuishi mezani uani. Joto la Moshi mjini mwezi wa Desemba mara nyingi hupita nyuzi 30 mchana. Kibosho kuna ubaridi kidogo kwa sababu ya mwinuko, lakini jua la saa saba likipiga trei moja kwa moja halijali mwinuko.

Kwa hiyo ushauri wa jirani wa kuzidisha gelatini mara mbili utakusaidia kidogo sana. Jeli itakuwa ngumu zaidi ikiwa baridi, itachelewa kulegea kwa dakika chache, ila kiwango cha joto kinachoiyeyusha hakisogei sana. Utakachopata ni kitu cha kutafuna kama mpira ndani ya nyumba, na juisi ileile nje. Na huyo aliyesema hukuchemsha vya kutosha amekosea kwa gelatini: kuichemsha kwa muda mrefu kunazikata zile nyuzi, na jeli inakuwa dhaifu kuliko mwanzo. Gelatini inalowekwa kwanza kwenye maji baridi dakika 5 hadi 10 ivimbe, kisha inayeyushwa kwa maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa. Mshike maneno yake hata hivyo, kwa sababu kuna kitu kingine cha kugandishia ambacho ushauri wake unakifaa kabisa. Tutakifikia.

Nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, na kazi yake ni kukata protini. Gelatini ni protini. Ukilitia bichi kwenye jeli, kila mtandao unapojaribu kujifunga, bromelaini inaukata. Ungeongeza pakiti kumi, ungekuwa umekilisha tu chakula zaidi. Papai lina kimeng'enya cha kundi hilo, na akina mama wanaofunga nyama ngumu kwa papai bichi ili ilainike wanatumia kitu hichohicho. Kiwi nayo imo, na tangawizi mbichi imo, kwa hiyo usije ukakamulia tangawizi kwenye jeli ukidhani unaongeza ladha. Kugandisha tunda kwenye friza hakusaidii. Kimeng'enya kinalala tu, kikipata joto kinaamka. Kinachokiua ni moto. Kata nanasi vipande vidogo, chemsha na sukari kidogo na maji yake kwa dakika 5 na zaidi, mpaka vipande viive hadi ndani, kisha acha vipoe. Nanasi la kopo halina shida, kwa sababu limeshapitishwa kwenye moto kiwandani. Chungwa, zabibu, tikiti na ndizi hazina tatizo hili, ingawa ndizi itakuwa nyeusi usipoinyunyizia limau.

Maziwa yaliyozama ni rahisi kueleza. Uliyamimina yakiwa ya moto, au jekundu lilikuwa bado laini, au vyote viwili. Maziwa yenye nyuzi 50 yakitua juu ya gelatini iliyoganda yanaiyeyusha papo hapo, na rangi zinaingiliana. Kipimo ninachowafundisha wanafunzi wangu hapa Arusha ni cha kifundo cha mkono: dondosha tone ndani ya kifundo, likiwa halikushtui kwa joto wala kwa baridi, mimina. Yakipoa sana kuliko hapo yataanza kugandia ndani ya jagi. Na usimimine kutoka juu. Shika kijiko kikubwa karibu na uso wa jeli, maji yapite mgongoni mwa kijiko yatawanyike taratibu. Mkondo mmoja mwembamba unachimba shimo hata pale joto lilipo sahihi.

Kuteleza ndiko ninakotaka tukae kidogo, maana wengi hudhani tabaka la chini likiganda sana ndivyo kazi inavyokuwa imara. Ni kinyume. Tabaka jipya linashikana na la chini pale ambapo uso wa la chini unayeyuka kidogo sana, nyuzi za pande zote mbili zinasokotana, kisha zinaganda pamoja. Uso ulioachwa usiku mzima umekazana, na mara nyingi una unyevunyevu wa friji juu yake. Kimimina kinachofuata, kikiwa kimepoa vizuri, hakipati mahali pa kushika. Wewe ulianza tarehe 24 ukamaliza 25. Hapo katikati ndipo kila rangi ilipojitenga na mwenzake. Muda sahihi wa kumimina ni pale ukigusa uso kwa kidole safi unaona umeshika, unanata kidogo, unaacha alama ya kidole lakini kidole hakizami. Kwa tabaka la unene wa sentimita 1 ndani ya friji nzuri, hiyo ni dakika 30 hadi 60. Umeme ukikatika na ukalazimika kuacha, ukirudi futa uso kwa kitambaa safi kikavu, ukwaruze juu juu kwa uma, na umimine tabaka linalofuata likiwa na joto kidogo kuliko kawaida.

Usitumie friza ili kuharakisha. Najua kishawishi. Maji ndani ya jeli yakiganda kuwa barafu, chembe za barafu zinauchana mtandao, na ikiyeyuka unapata jeli inayovuja na kukatika vipande.

Kuhusu zile pakiti mbili. Pakiti za jeli zinazouzwa madukani kwetu si zote za gelatini. Nyingi zinazotoka India zinagandishwa kwa karajinani, inayotokana na mwani. Utaziona zina alama ya kitone cha kijani ndani ya mraba wa kijani, ambayo kule India inamaanisha chakula hakina nyama. (Karajinani hiyo tunaihusu kuliko tunavyojua: mwani wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja, sehemu kubwa husafirishwa nje kwa kazi hiyo.) Jeli ya karajinani huganda haraka, hata nje ya friji, na haishikani na gelatini kama gelatini inavyoshikana na gelatini. Ukichanganya za aina mbili kwenye trei moja bila kujua, kila moja inakuwa na saa yake, na unapokata zinaachana. Soma viambato kabla ya kulipa. Nambari 407 ni karajinani, 406 ni agari, na gelatini kwa kawaida huandikwa kwa jina lake.

Hapo ndipo wakwe zako na wifi yako wanapoingia. Gelatini nyingi duniani hutokana na ngozi ya nguruwe, nyingine ng'ombe, nyingine samaki. Pakiti iliyoandikwa gelatini bila kusema ya nini, usiipeleke kwenye meza hiyo. Hata ya ng'ombe, Waislamu wengi watataka kujua ng'ombe alichinjwaje, kwa hiyo tafuta nembo ya halali, kama inayotolewa na BAKWATA au na chombo cha nchi ilikotoka. Wifi yako Msabato naye ataangalia nguruwe. Mimi nisingeanza kuwaeleza wakwe habari za nembo siku ya sherehe. Ningechagua kitu ambacho hakina mnyama kabisa, nikawaambia hivyo kabla hawajauliza.

Kitu hicho ni chaina grasi, ambayo kitaalamu ni agari. Watu wa Pwani wanaijua muda mrefu. Zanzibar, Tanga na Mombasa wanagandishia maziwa yenye iliki. Huku kwetu Kaskazini wengi hawaijui, lakini maduka ya viungo ya Wahindi Moshi na Arusha huwa nayo, na siku hizi maduka ya vifaa vya keki pia. Inauzwa kama unga mweupe au kama nyuzi ndefu kavu. Inatokana na mwani mwekundu, siyo wa aina ile ya Paje, na haina protini ya mnyama. Faida yake kubwa kwako ni hii: huganda ikishuka kwenye nyuzi 32 hadi 40, yaani inaganda mezani Pasua bila friji, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu na nyuzi 85. Jua la Kibosho halitaiweza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unaendelea. Na kwa kuwa si protini, bromelaini haina cha kukata. Nanasi bichi linaganda ndani yake. Hata hivyo ningelichemsha, kwa sababu litakaa jirani na maziwa, na kimeng'enya kile kikigusa protini ya maziwa kinayafanya yawe machungu.

Niwe mkweli kuhusu upande wa pili. Chaina grasi haiyeyuki mdomoni. Inakatika, ni ngumu kidogo, na mtoto aliyezoea jeli ya pakiti anaweza kuitazama kwa mashaka anapoionja. Ikikaa siku mbili tatu inatoa majimaji pembeni. Mimi naipenda zaidi kwenye tabaka la maziwa kuliko la maji ya rangi, kwa sababu maziwa mazito ya kopo yenye sukari yanailainisha. Kama sherehe ingekuwa ndani ya nyumba, jioni, na friji iko hatua mbili, ningekwambia tumia gelatini yenye nembo ya halali bila kusita. Lakini kwa watu 40, uani, saa saba, na safari ya gari katikati, uamuzi wangu ni chaina grasi kwa matabaka yote.

Na huku ndiko ule ushauri wa kuchemsha unakofanya kazi. Chaina grasi isipochemka sawasawa haigandi. Koroga unga kwenye maji ya baridi kwanza, weka jikoni, ikichemka punguza moto na uache itokote dakika 3 hadi 5 huku ukikoroga. Sisi watu wa miinuko tuongeze kidogo: maji ya Moshi mjini huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na ya Kibosho au ya hapa Arusha kwenye 95, siyo 100. Ukipikia kwa babu, acha itokote dakika 2 zaidi. Ya nyuzi iloweke nusu saa, ichemshe mpaka usione hata uzi mmoja, kisha uchuje. Kiasi ni gramu 8 hadi 10 za unga kwa lita moja ya kimiminika. Nunua kwa mzani au pima kwa mzani, kwa sababu vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Kisha fanya jaribio: dondosha kijiko kimoja kwenye kisahani cha baridi, subiri dakika chache. Ikiwa laini mno, ongeza unga kidogo uliochemshwa pembeni. Ikiwa ngumu mno, ongeza maji ya moto. Chaina grasi inakuruhusu kuichemsha tena na kurekebisha.

Kwa watu 40, trei ya kuokea ya sentimita 33 kwa 23, yenye kina cha sentimita 6, inakutosha. Tabaka la sentimita 1 linakula karibu mililita 750, kwa hiyo matabaka 5 ni kama lita 3 na robo tatu, na gramu 6 hadi 7 za unga kwa kila tabaka. Ukikata safu 5 kwa 8 unapata vipande 40 vya sentimita 4 na ushee kila upande. Ukiogopa watakaorudia, na kwa ukoo wa Kichaga watarudia, tengeneza trei ya pili ya matabaka 3.

Kumimina chaina grasi kuna sheria tofauti na gelatini, na wanaohama kutoka moja kwenda nyingine hukwama hapa. Kwa gelatini tunamimina kilichopoa. Chaina grasi ukiimimina ikiwa imepoa juu ya tabaka lililoganda kabisa, haitashika, kwa sababu uso wa chini hauyeyuki kwa joto hilo. Utarudi kulekule kuteleza. Hii mimina ikiwa ya moto, kama nyuzi 60, juu ya tabaka ambalo uso wake umeshika utando lakini chini bado linatikisika na lina joto. Kwa joto la Moshi hiyo ni kama dakika 10 tu. Maana yake sufuria inayofuata iwe tayari kabla hujamimina ya sasa: iweke ndani ya beseni la maji ya moto isigandie humo, na ukoroge mara kwa mara. Ukichelewa, kwaruza uso kwa uma.

Tabaka la maziwa lina mtego wake. Chemsha chaina grasi kwenye maji kiasi, na maziwa yapashe moto kwenye sufuria nyingine kabla ya kuchanganya. Maziwa baridi yakiingia kwenye chaina grasi ya moto yanaigandisha palepale na unapata mabonge. Tui la nazi linafaa pia. Matunda yenye uchachu kama pasheni, limau na ukwaju yatie baada ya kuepua, kwa sababu uchachu ukichemka pamoja na chaina grasi unaidhoofisha.

Rangi unaweza kupata bila kemikali nyingi. Rosela iliyokaushwa, ile ya kutengenezea juisi, inatoa jekundu zuri kuliko pakiti. Iache ilowe kwenye maji ya moto, chuja, ongeza sukari. Isichanganywe na maziwa tu, kwani rangi yake hugeuka zambarau iliyofifia uchachu unapopungua, na ule uchachu wenyewe unaweza kuyakata maziwa. Pasheni na nanasi zitakupa njano. Kijani ndiyo ngumu; hapo tumia rangi ya chakula, matone mawili, siyo kijiko. Vipande vya matunda usivitie kwenye kimiminika cha moto, vitaelea vyote juu au kuzama vyote chini. Subiri kimiminika kiwe kizito kama ute wa yai, kisha vitawanye. Kwa chaina grasi dakika hiyo ni fupi, kaa karibu.

Usafiri: peleka trei nzima, kata hukohuko. Kisu kichovye kwenye maji ya moto na ukifute kila baada ya mkato. Kama barabara ya kwenda kwa babu imeharibiwa na mvua za vuli, weka trei sakafuni mwa gari, siyo mapajani mwa mtoto. Njia nyepesi zaidi, ambayo sioni aibu kuipendekeza, ni kumimina matabaka kwenye glasi ndogo za plastiki za wazi. Hakuna kukata, hakuna kuteleza, na kila mgeni anachukua yake. Trei ina uzuri wake inapokatwa mbele za watu, nakubali, lakini ukiwa na watoto wanne jikoni na mbege ya wazee inakusubiri uichuje, glasi zinakuokoa.

Kutoyeyuka hakumaanishi kutoharibika. Jeli yenye maziwa, iwe ya gelatini au ya chaina grasi, ni chakula kizuri cha vijidudu. Itengeneze tarehe 25, ikishaganda iingie friji ikiwa imefunikwa, isafiri kwenye boksi la baridi lenye barafu, na ikishatolewa isikae nje zaidi ya saa 2; kukiwa na joto la kupita nyuzi 32, saa 1. Maji ya kuchanganyia juisi yawe yaliyochemshwa. Kwa watoto walio chini ya miaka 4 vipande vikatwe vidogo sana, nao wale wakiwa wamekaa, kwa sababu chaina grasi haiyeyuki kooni kama gelatini na kipande kinaweza kukwama. Mtu akianza kuhara au kutapika baada ya sherehe, mpe maji yenye chumvi ya kuongeza maji mwilini ile ya pakiti. Kuhara damu, homa kali, au mtoto aliyelegea, hakojoi na macho yamedidimia, ni safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo bila kusubiri kesho.

Wikiendi moja kabla, tengeneza bakuli dogo la matabaka mawili, jekundu na maziwa, kwa unga uleule utakaoutumia. Unga wa chaina grasi unatofautiana nguvu kutoka duka hadi duka. Lisipokubali hata baada ya jaribio la kisahani, mtafute mwanamke yeyote wa Pwani anayeishi hapo Moshi akuonyeshe kwa mikono. Mambo ya utando na kutikisika ni rahisi kuyaona kuliko kuyasoma.

Babu sasa. Gelatini na chaina grasi zote huganda bila sukari, kwa hiyo inawezekana kumtengenezea glasi yake ya rosela bila kuongeza sukari, na tabaka la maziwa ya kawaida badala ya yale mazito ya kopo. Lakini usimpe tabaka la nanasi au pasheni ukidhani ni salama kwa kuwa hukutia sukari. Juisi ya matunda ina sukari yake, na maziwa nayo yanayo kiasi. Ni kiasi gani anaruhusiwa kinategemea vipimo vyake na dawa anazotumia, na hilo mimi mpishi siwezi kulijua. Muulize muuguzi au mtaalamu wa lishe kwenye kliniki anayohudhuria kabla ya sikukuu, na ikiwezekana babu mwenyewe awepo mnapouliza, asije akasema siku ile kwamba mlimnyima kwa uchoyo.